Malalo Ngapi?

Kolwezi, tarehe 11 ya mwezi wa pili 2024

Mwana wangu Darlène,

Moyo webe, mamu. Mi mama yako Mianda njo naandika na mukono yangu. Unajua masomo yangu iliishia troisième primaire, basi soma pole pole. Tata yako Beya anakusalimia, kikohozi haijamuacha lakini bukari anakula. Mudogo yako Josée anakusalimia, anaketi hapa pembeni ananisaidia na maneno ya nguvu, anasema usisahau viatu. Mama Kapinga wa ngambo ya barabara anakusalimia, na batoto yake bote. Pasteur anakusalimia. Ile kuku yetu haina mukia inakusalimia, ingali inataga. Na siye tunasalimia bwana yako Elibariki, na mutoto Fifi, meno yake yenye ilianza kutoka, na mama-mukwe yako hata kama hatujamuona.

Usipige simu tena. Simu ya nyumba ilikuwa ile ya mudogo yako Gael, na sasa haiko. Ya Mama Kapinga iko, lakini anawekaka haut-parleur, mutaa muzima unajua kama we uko na mimba mbele mi mama yako nijue. Tata Modeste, dereva wa camion ya cuivre, alikubali kubeba barua mpaka Dar es Salaam. Atachelewa Kasumbalesa kwa mupaka, foleni ni ndefu, lakini ni mukristu.

Sasa neno yenyewe. Société inapanua carrière, ile shimo yao ya jiwe. Mutaa yetu yote itaondoka. Banasema kila nyumba itapata nyumba ingine, mbali kule, ya matofali. Juzi balituma kijana moja, Dimitri, mutoto wa Kinshasa, na tablette. Swahili hajue mingi. Akasema: «Mama, machine itauliza, we unajibu, mi naandika.» Machine ikaongea na sauti ya mwanamuke wa redio: «Mpendwa mkazi, habari za asubuhi.» Nikaitika: «Muzuri mama, karibu uketi.» Josée akacheka mpaka akatoka inje.

Ikauliza jina, ikauliza bati, ikauliza miti ya avoka. Kisha ikauliza: «Katika makazi haya, kuna malalo mangapi?» Malalo, Darlène! Sawa vile parcelle yangu ni cimetière ya kuzika batu. Nikauliza Dimitri: «Banataka malalo ya nini?» Yeye: «Mama, sema paka numéro.» Nikasema hakuna. «Zéro?» Nikasema zéro. Aliniangalia, akaangalia nyumba, akafinya. Mbele kidogo ikauliza tena, sasa inasema makaburi. Nikasema hakuna, hakuna! Polisi njo banaulizaka vile, mara mbili, juu bakukamate.

Leopards yetu balipopiga Guinée kwa mupira, batu bote balitoka na masufuria, bendera, kelele. Tata yako hakutoka. Alizima redio. Usiulize mingi.

Andika mbiyo.

Mama yako.

—

Dar es Salaam, 19 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe baba Beya shikamoo yangu, na Josée mwambie viatu namtumia kwa mkono wa Tata Modeste, namba thelathini na saba, kama havimtoshi atie pamba. Fifi hajambo, ana meno manne sasa na anamng'ata kila mtu. Elibariki anawasalimu, anataka kujua kama kuku asiye na mkia anaweza kuletwa Dar.

Mama, nimehesabu salamu zako mara mbili. Kuku amenisalimu. Gael hapana. Amenikasirikia? Namba yake kila siku haipatikani. Kama ni yale maneno ya Krismasi, nilipomwambia aache kuchimba arudi shule, mwambie nilisema kwa kumpenda. Aniandikie hata mstari mmoja.

Kazi yangu inaendelea vizuri. Tunafundisha mashine Kiswahili, yaani tunapitia maneno yake kabla hayajaenda kwa watu. Juzi tulikuwa tunakula chakula cha mchana, kijana mmoja akasema, «Nyie Wakongo mna nini zaidi ya nguo na muziki?» Nikachukua simu yake mezani, nikamwonyesha. «Jiwe la betri hii,» nikamwambia, «linatoka kwetu Kolwezi, chini ya nyumba yetu. Siku tukikataa, wote mtapiga kelele dirishani kama zamani.» Walicheka, kisha mmoja mmoja akageuza simu yake akaitazama. Nilijisikia vizuri siku nzima. Magari yasiyotumia petroli nimeanza kuyaona hapa mjini, mama. Yanapita kimya kama mtu aliyevua viatu. Kila nikiliona moja nasema moyoni: hilo ni letu.

Kuhusu nyumba mpya, msiogope tableti. Kampuni za siku hizi zinaandikiwa sheria mpaka Ulaya, haziwezi kutupa watu barabarani. Jibuni kila kitu kwa ukweli.

Nani atapewa chumba kikubwa, Gael au Josée?

Wako Darlène.

—

Kolwezi, tarehe 30 ya mwezi wa ine 2024

Mwana wangu,

Moyo webe, na wa Fifi, na wa Elibariki. Kuku hatutamupa. Tata yako anakusalimia, sasa anakohoa na mongongo yote. Josée anakusalimia, viatu vinamuenea, analala navyo. Mama Kapinga anakusalimia. Gael alienda Mutshatsha kuchoma makala na barafiki. Kule réseau hakuna. Hakukukasirikia.

Unasema ile motokari ya kimya ni yetu. Mi sijaiona. Hapa courant inakatika mara ine kwa siku, na tata yako anapasua kuni. Lakini tumupe Mungu asante kama uko na furaha.

Darlène, liste ilitoka. Balibandika kwa ukuta ya bureau. Mama Kapinga: nyumba ya vyumba ine. Yetu, numéro 214: «hakuna mutu analala». Nilisoma mi, kisha Josée akasoma, kisha Pasteur akasoma na miwani. Hakuna mutu analala! Na siye tunaamukia wapi?

Nilienda kwa Dimitri. Nikamuambia: «Mutoto, uliketi kwa kiti yangu, ulikunywa mayi yangu.» Akafungua tablette, akasoma Kifaransa yake. «Mama, ulisema malalo zéro. Malalo ni fasi ya kulala. Kitanda, mukeka, yote.» Nikauliza: «Nani alikuambia? Huku malalo ni ya bafu, batu balikufa!» Anasema: «Ni machine, mama. Ni Swahili ya juu, ya Tanzania.» Bamama bote kwa foleni baliangaliana. Mama Kapinga akashika kinywa. Unajua alijibu nini? Machine ilipouliza malalo ngapi, yeye alihesabu bafu yake bote, bwana yake, batoto babili, mama yake, kufika dada yake wa Mbuji-Mayi. Saba! Njo maana ako na vyumba ine. Bafu yake njo bamejenga.

Batu balicheka, na mi nilicheka. Kisha Dimitri akasema siyo nguvu kubadilisha, kuko karatasi ya kulalamika. Mu karatasi kuko fasi moja: eleza juu ya nini ulijibu zéro. Nikasema malalo niliskia malalo ya bafu. Yeye: «Basi eleza hivyo, mukubwa atauliza kama kweli hakuna malalo mu parcelle, batakuja kuangalia, na sahihi utaweka.» Nikachukua karatasi nikaipeleka nyumbani. Iko chini ya Biblia. Sijaandika kitu.

We unatumika na bamashine. Uliza kule nani aliweka ile neno.

Jibu mbiyo, camion zinarudi hii juma.

Mama yako Mianda.

—

Dar es Salaam, 2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo, na baba pia. Sisi wazima. Fifi amepata homa, imepita.

Barua yako nimeipata. Kuhusu neno lile sijui niseme nini sasa hivi, kazini kuna mambo mengi. Jazeni ile karatasi ya malalamiko. Andikeni watu watatu wanalala, basi. Waje waangalie, mnaogopa nini?

Mama, binamu Gloire yupo Mutshatsha tangu mwaka jana, anauza makaa pale stesheni kila siku. Nimempigia. Anasema Gael hajamwona. Wachoma makaa wote anawajua kwa majina, Gael hayumo. Nimerudia kumuuliza mara tatu mpaka akanikasirikia.

Mwanangu ana meno, baba anakohoa, kuku anataga. Gael yuko wapi?

Darlène.

—

Kolwezi, tarehe 5 ya mwezi wa saba 2024

Darlène, mwana wangu,

Leo Josée nimemutuma kuteka mayi, naandika peke yangu. Salamu za kila mutu utazipata siku ingine.

Gael hayuko Mutshatsha. Iko hapa nyumbani. Iko chini.

Alianza kuchimba mu chumba yake mwezi wa kumi na moja. Nilikataa. Akasema: «Mama, mutaa muzima banachimba mu nyumba, kuanzia kwa diacre wa kanisa. Carrière ikikuya, itabeba jiwe yetu bure.» Nilikataa siku tatu. Siku ya ine nikabeba ndoo. Njo mi, Darlène. Bulongo nilikuwa namwanga nyuma ya choo juu batu basione. Na juu nyundo isisikike kwa barabara, nilikuwa natwanga sombe na kuimba cantique, na sauti yote. Mama Kapinga alisema: «Mianda, hii mwaka uko na Roho Mutakatifu!»

Tarehe 16 ya mwezi wa kwanza, saa sita ya muchana. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Nilikuwa naimba. Njo maana sikusikia kitu. Niliisha mstari, nikapumua juu nianze ingine, nikaona nyundo imenyamaza. Nikamuita. Nikavuta kamba, ikakuya yepesi.

Barafiki yake babili baliingia, balichimba mpaka mayi ikapanda kufika kifua, balitoka balikimbia, sijue balienda wapi. Tata yako akashuka mwenyewe na kifua yake ile. Siku mbili, hakumufikia. Kisha akasema: «Tukiita batu, polisi itasema mwenye nyumba njo mwenye trou, ile shimo, banatufunga bote, na Josée atabaki na nani?» Basi tukaweka mbao, tukaweka bulongo, tukarudisha kitanda yake juu. Mi njo nalala pale. Sitake mutu mwingine alale pale.

Hatukulia. Hatukuweka kilio, hatukunyoa, batu habakukuya na mikeka. Kwa kanisa banauliza Gael habari gani, nasema makala iko na kazi mingi.

Majuma matatu nyuma ya ile siku machine ikakuya ikauliza malalo ngapi. Sasa umejua juu ya nini nilisema zéro.

Na sikia hii. Juma iliyopita société iliita mukutano. Mukubwa wao alisoma: malalo yote yenye kuwa mu mutaa itahamishwa na heshima, kila mufu na sanduku, na pasteur, kazi yote ni ya société. Batu balipiga mikono. Nilisimama juu niseme. Nikaketi tena. Mama Kapinga akaniuliza kama nilikuwa natafuta choo.

Usiniandikie maneno ya kunituliza. Niambie tufanye nini. Camion za carrière zimefika kwa shule.

Mama.

—

Dar es Salaam, 4 Agosti 2024

Mama yangu,

Nimesoma barua yako kwenye ngazi za ofisi. Elibariki alikuja kunichukua. Nyumbani tumeketi chini, majirani wamekuja na mikeka yao, wanawake wa hapa ambao hawakumjua, wamenisaidia kulia siku tatu. Nilitaka ujue kwamba Gael ameliliwa mahali fulani.

Hutaki nikutulize, nami sina haki hiyo. Uliniambia niulize nani aliweka neno lile. Sikuhitaji kuuliza.

Mwaka jana Novemba ofisini walituletea maswali mia moja na ishirini, ya kampuni moja ya madini, yatafsiriwe na kusomwa na mashine. Nilipewa mimi kwa sababu natoka huko. Karatasi ya kwanza niliandika «vitanda». Msimamizi akasema hapana, wengine hulala mkekani, weka neno linalobeba vyote: malalo. Nikamwambia, kwetu malalo ni makaburi. Meza nzima ikaangua kicheko. Mmoja akasema, «Dada, huyo akisinzia anazikwa?» Msimamizi akacheka naye, kisha akaniambia kwa upole kabisa: «Hicho Kiswahili cha mgodini kiacheni huko huko. Mashine inasema Kiswahili sanifu.» Nilikuwa nimeandika pembeni kwa penseli, malalo ni makaburi. Mama, nilifuta. Miaka sita hapa wananicheka nikisema «batoto», nikisema «mi njo». Nilitaka siku moja tu nisichekwe. Nikaandika chini, nimepitia, ni sahihi, na jina langu.

Ulipoandika Aprili nilijua papo hapo, ndiyo maana barua yangu ya Juni ilikuwa fupi. Nilikuandikia mnaogopa nini. Hilo silisahau.

Juzi niliingia kwa msimamizi nikamweleza. Hakucheka safari hii. Alisema sisi tumetafsiri tu, waliokubali maneno ni kampuni. Nimeandika ukurasa mmoja kueleza neno lenyewe, kwa Kifaransa. Ofisi imekataa kuupiga muhuri. Nakutumia hivyo hivyo, bila muhuri, na sahihi yangu.

Baba asishuke tena shimoni. Nenda kwa mkubwa wao umwambie kuna mtu chini. Sijui watafanya nini. Ningekuwa najua ningekuambia.

Nisamehe au usinisamehe, lakini niandikie.

Darlène.

—

Kolwezi, tarehe 3 ya mwezi wa kenda 2024

Mwana wangu Darlène,

Moyo webe. Tata yako Beya anakusalimia. Josée anakusalimia, sasa anajua yote, njo aliambia Mama Kapinga. Mama Kapinga anakusalimia: alikuya kwetu na mukeka mbele mi nimuite, akaketi, akaanza kulia, mutaa ikamufuata. Mwisho tulilia. Tulinyoa. Batu bale ba Dar balioketi na we, basalimie moja moja, uniandikie majina yao.

Ile ya neno usibebe peke yako. Mi niliimba, we ulifuta. Tutaongea siku moja uso kwa uso, karatasi haitoshe.

Nilienda kwa bureau na tata yako na karatasi yako. Mukubwa wao ni mama moja ya miwani, anaongea polepole. Alisoma Kifaransa yako yote. Akasema: «Mama, ni kosa ya neno, naona. Tutaandika malalo tatu. Utapata nyumba ya vyumba mbili. Weka sahihi hapa, ya kusema chini ya nyumba hakuna kitu.» Akanipa bic. Nikamuambia chini kuko mutoto wangu. Akavua miwani. Akasema kwa sauti ya chini: «Sikusikia, mama. Kama kuko trou, parcelle inaitwa fasi ya wizi wa jiwe, nyumba hamupate hata moja. Na mutu wa trou si malalo. Malalo iko na jina na tarehe. Fikiria Josée.»

Tata yako alisimama. Hakupandishaka sauti tangu 1993, batu balipochoma nyumba za siye Bakasai. Akasema: «Madame, baba yangu alitolewa Kasai na train kukuya kuchimba hii jiwe. Mi nilichimba miaka makumi tatu na moja. Mutoto yangu iko chini yake. Kila mufuko yenu ya jiwe iko na étiquette, karatasi yake, munajua ilitoka trou gani, siku gani, bazungu bakiuliza munabaonyesha. Mutoto yangu mwenyewe munataka nisaini kama hakuwako?» Kisha kikohozi ikamushika, hakumaliza. Dimitri alimuletea kiti. Yule mutoto alikuwa analia, Darlène, na miye njo nilimupa kitambaa.

Nilirudisha bic. Nikasema: andika malalo moja.

Nyumba basi hatuna. Tutaenda Kasaji kwa kaka yangu Ntambwe, alisema kuko chumba moja na shamba ya mihogo. Tata yako sijue kama atafika mvua ingine. Lakini yule mama ya miwani alitafuta mu kitabu yao, akasema kama tukileta karatasi yenye jina ya mufu, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa, na sahihi ya ndugu yake wa damu mwenye masomo, anaweza kuipeleka kwa bakubwa baseme kama batamutoa na mikono ao na machine. Hakuahidi. Alisema paka «anaweza». Banafunga kitabu tarehe 15 ya mwezi wa kumi, kisha machine kubwa itaanza kwa ligne yetu, musitari ya nyumba zetu.

Siku ya kufa naijua. Siku ya kuzaliwa siijue. Naijua ilikuwa asubuhi, ilikuwa wakati ya mahindi mabichi, alitoka na miguu mbele na sage-femme, mukunga yangu, alinipiga kofi juu nisilale. Lakini numéro sijue, na muwaka nachanganya na yule mutoto alikufa mbele yake. Papier zake zote zilikuwa mu malle, sanduku yake ya chuma, malle ilikuwa mu chumba, ilishuka naye. We ulikuwa unaandikaka siku zetu zote mu Biblia yako ya baptême, ya ubatizo, ile ulibeba. Fungua uangalie. Andika na herufi kubwa, wazi, siku na mwezi na muwaka, na jina yake muzima, Beya Gael, na sahihi yako ya kweli. Usiitume kwa simu, banataka karatasi. Mupe Tata Modeste mukononi, mwambie asilale Kasumbalesa.

Fanya mbiyo, mamu. Ni juma sita tu.

Mama yako Mianda.